Kibaski cha Donostia na Kinyakyusa cha Bibi

Bibi yangu mzaa baba anaishi Tukuyu. Ana miaka 83, na mimi naye hatujawahi kuzungumza kwa lugha yake tukafika mwisho wa mazungumzo. Yeye ni Mnyakyusa wa Rungwe. Mimi nimezaliwa Temeke, mama yangu ni Mzaramo, na nyumbani kwetu kilisemwa Kiswahili tangu alfajiri mpaka taa zinazimwa. Kwa miaka 23 sikuona kasoro yoyote hapo. Niliiona nikiwa mbali, Donostia, mji wa pwani ya kaskazini ya Hispania ambao ramani nyingi huuandika San Sebastián, nilikokaa mwaka mzima nikijifunza lugha ya bibi za watu wengine.

Nilikwenda Septemba 2023 kwa ufadhili wa kubadilishana wanafunzi. Dar es Salaam nilikuwa nasomea ualimu, na nafasi iliyotangazwa ilikuwa katika Chuo Kikuu cha Nchi ya Basque, kampasi ya Donostia, upande wa elimu: ufundishaji wa lugha mbili, historia na utamaduni wa Wabaski, na saa sita kila wiki za kujifunza lugha yenyewe. Kwenye barua ya maombi niliandika kwamba Kiswahili na Kibaski ni wenzi wa safari moja, lugha mbili zilizodharauliwa na wakubwa zikakataa kufa. Msimamizi wangu aliisifu sana sentensi hiyo. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa nimeshaikana.

Wenyewe lugha yao wanaiita euskara, nayo haina jamaa. Kihispania na Kifaransa vinavyoizunguka ni watoto wa Kilatini; euskara ilikuwapo pale kabla Kilatini hakijafika, na hakuna lugha nyingine hai ambayo wanaisimu wameweza kuthibitisha kwamba ni dada yake. Inasemwa katika majimbo saba, manne upande wa Hispania na matatu upande wa Ufaransa. Mtu akikuambia anatoka Euskal Herria, anamaanisha yote saba pamoja, mpaka uwepo usiwepo.

Darasani tulikuwa kumi na mmoja. Nilijiandaa kuteseka, lakini vokali zilinipokea vizuri: a, e, i, o, u, zilezile zetu, zinatamkwa kama zilivyoandikwa. Kisha ikaja siku ya kitenzi. Mwalimu aliandika ubaoni *eman dizut*, nimekupa, akalipasua lile neno la pili: *di* ni kile kitu, *zu* ni wewe unayepewa, *t* ni mimi ninayetoa. Wenzangu wa Madrid na Buenos Aires walishika vichwa. Mimi nilitabasamu, maana nimekulia katika ni-me-ku-pa na kwangu si ajabu watu kuingia ndani ya kitenzi wakakaa. Mwalimu aliponiona akaniita ubaoni. Nikaandika la kwetu chini ya la kwao, na darasa zima likaona kama mtu anayejitazama kwenye kioo: Kiswahili kinaanza na mimi, euskara inamalizia na mimi. Wiki iliyofuata likaja *dizkizut*, nimekupa vitu hivyo, navyo ni vingi, na hapo hata mimi nikatoka jasho. Kiswahili hakibebi mpewa na vitu pamoja kwa namna hiyo. Jaribu kusema "nimevikupa" uone watu watakavyokutazama.

Kilichonitesa hasa ni herufi moja, k. Nikija, mimi ni *ni*. Nikila mkate, mimi ni *nik*. Anayekitenda kitu huvaa hiyo k kila anapotenda, na anayekwenda au anayelala haivai. Nilikuwa naisahau kila siku. Ubaya mwingine ni kwamba *gizonak* huweza kuwa "wanaume" au "mwanamume yule, ndiye aliyetenda", na mpaka ufike kwenye kitenzi ndipo unajua ni lipi. Nilijifunza kusikiliza sentensi hadi mwisho kabla ya kuamua imesema nini.

Halafu palikuwa na mambo yaliyonirudisha nyumbani bila kutarajia. Euskara haina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume; baada ya mwezi mzima wa kukosea Kihispania, nilipumua. Dada wa mwanamke ni *ahizpa*, dada wa mwanamume ni *arreba*. Kaka wa mwanamke ni *neba*, kaka wa mwanamume ni *anaia*. Usiku ule nilikumbuka neno umbu, ambalo Waswahili wa zamani walikuwa nalo kwa ndugu wa jinsia nyingine, na ambalo sijawahi kumsikia mtu wa rika langu akilitamka. Na hata mtoto wa pekee, asiye na ndugu, husema *gure ama*, mama yetu. Kwetu Temeke ndivyo tunavyosema pia: kwetu, mama yetu, nyumbani kwetu, hata kama mko wawili tu.

Nilipanga chumba mtaa wa Antiguo kwa mjane wa miaka 79. Siku ya kwanza nilimwita kwa heshima ya Kihispania. Akanikatiza, akasema pale nyumbani nimwite *amona*, bibi. Alizaliwa kwenye *baserri*, nyumba ya shambani ya mawe, ng'ombe chini na watu juu, kwenye vilima vya ndani ya jimbo la Gipuzkoa. Alinipeleka kuiona Oktoba. Mvua nyembamba ilikuwa inanyunyiza, ile wanayoiita *zirimiri*, haionekani lakini inakulowesha mpaka ndani. Vilima vya kijani vimepandana, ukungu umekaa mabondeni, ng'ombe wamesimama kwenye mteremko kama waliobandikwa. Nilisimama mlangoni nikahisi nipo Tukuyu. Nikampigia bibi simu palepale kumwambia. Akauliza kama kuna migomba. Nikasema hapana. Akasema, basi si Tukuyu.

Ni amona aliyenieleza habari za pete. Alipoanza shule, mwanzoni mwa miaka ya 1950, hakujua neno la Kihispania. Utawala wa dikteta Franco, ulioshika Hispania nzima mwaka 1939, ulikuwa umeifukuza euskara shuleni na katika kila mahali pa hadhara. Mwalimu alikuwa na pete ya chuma. Mtoto wa kwanza kukamatwa akisema euskara alipewa pete, na njia pekee ya kuivua ilikuwa kumsikia mwenzake akisema naye, amkabidhi. Atakayekutwa nayo Ijumaa ndiye atakayechapwa. Amona alisema adhabu yenyewe hakuiogopa sana. Alichokumbuka ni wasichana wanavyotembea uwanjani wakiwa wamefunga midomo, kila mmoja akimvizia rafiki yake.

Nilinyamaza, kisha nikamweleza habari za kibao. Shule ya msingi nilisoma ya binafsi, ya kufundishwa kwa Kiingereza, na baba aliuza kiwanja ili niisome. Pale palikuwa na kibao cha mbao chenye kamba, kimeandikwa kwamba aliyekivaa amesema Kiswahili. Unakivaa shingoni mpaka umsikie mwingine. Nilikivaa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na nilimvisha mtoto wa jirani yetu siku aliyokuwa analia tumbo linamuuma, kwa sababu alilia kwa Kiswahili. Nilikuwa na miaka minane. Sijawahi kumwomba msamaha.

Amona aliweka mkono wake juu ya wangu, akauliza, "Na aliyekuvisha wewe, alikuwa mtu wenu?"

Nikasema ndiyo.

"Wa kwetu pia," akasema.

Ana watoto watatu. Wawili wa kwanza aliwalea kwa Kihispania ili wasije wakaivaa pete. Wa tatu alizaliwa 1974, mwaka mmoja kabla Franco hajafa, na yeye akampeleka *ikastola*, shule inayofundisha kwa euskara. Shule hizo zilikuwa zimeanza kwa kujificha. Hapohapo Donostia, katika miaka ya 1940, mwalimu mmoja jina lake Elbira Zipitria alikuwa akifundisha watoto wachache kwa euskara majumbani, sebuleni, wakati wenzake wamefunga midomo. Kutoka kwenye sebule kama hizo ndipo zikazaliwa shule nyingi, zikijengwa kwa michango ya wazazi. Leo Jumapili watoto wa amona wakija kula, meza ni moja na lugha ni mbili: yule mdogo anaongea na mama yake kwa euskara, wakubwa wawili kwa Kihispania, na mama anageuka huku na huku akibadilisha lugha katikati ya kupakua mchuzi. Nilikula pale Jumapili nyingi. Kila mara nilijikuta namtazama yule mkubwa. Alikuwa anacheka vichekesho vya mdogo wake kabla mtu hajavitafsiri.

Ninatamani walimu wenzangu wangeiona hatua waliyopiga watu hawa. Mwaka 1979 walipata mamlaka ya kujitawala katika majimbo matatu ya upande wa Hispania, na mwaka 1982 ikapitishwa sheria ya kuirudisha euskara katika matumizi. Mzazi huchagua: mfumo A, masomo kwa Kihispania na euskara kama somo, B, nusu kwa nusu, D, kila kitu kwa euskara isipokuwa somo la Kihispania. Nilipelekwa kutazama vipindi katika shule ya mfumo D. Watoto wa miaka tisa walikuwa wanafanya sehemu na desimali kwa lugha ambayo bibi zao waliichapiwa. Kuhesabu kwao ni kwa ishirini-ishirini: arobaini ni *berrogei*, ishirini mbili, themanini ni *laurogei*, ishirini nne. Mmoja alinifundisha 99, *laurogeita hemeretzi*, ishirini nne na kumi na tisa, akanisubiri kwa subira mpaka nikapatia.

Kisha kengele ikalia, tukatoka uwanjani, na mpira ulipoanza kila mtu akapiga kelele kwa Kihispania.

Nilimwuliza mwalimu wao. Alisema hicho ndicho kinachomkosesha usingizi. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watu wazima 751,500 katika majimbo yote saba wanaimudu euskara, asilimia 28.4. Lakini kuna kipimo kingine, wanachokifanya kwa miongo kadhaa sasa: watu hutumwa mitaani, wanapita kimya karibu na wanaozungumza, wanasikiliza ni lugha gani, wanaandika, wanaendelea na safari. Mwaka huohuo wa 2016 mitaani ilisikika asilimia 12.6. Mwalimu akasema shule inaweza kumpa mtoto lugha, ila haiwezi kumpa mtu wa kusema naye.

Mimi mwenyewe nililionja hilo. Nikiingia dukani nikisema *egun on*, habari za asubuhi, najibiwa kwa Kihispania au Kiingereza, kwa upole kabisa. Sura yangu ilikuwa imeshawaambia kwamba sijui. Aliyenivunjia ukuta huo ni mama mmoja muuza samaki soko la Bretxa. Nilimwuliza bei ya dagaa wao wa msimu kwa euskara ya kusuasua, akaweka kisu chini, akanijibu kwa euskara, polepole, bila kupandisha sauti kana kwamba mimi ni kiziwi. Nilinunua samaki kwake kila Ijumaa mpaka nilipoondoka, hata wiki ambazo hela ilikuwa ya kuhesabu.

Kilichonigeuza kilitokea Februari. Kuanzia Januari mpaka Aprili watu hupanda Astigarraga, nje kidogo ya mji, kwenye nyumba zinazotengeneza kinywaji cha tufaha. Mapipa ni makubwa kama vyumba. Mtu akiita *txotx!*, tamka choch, wote mnainuka na bilauri zenu, pipa linafunguliwa tundu dogo, na kila mmoja anakinga mchirizi hewani. Mimi nilikinga maji ya zabibu kwenye meza yangu, hakuna aliyenisumbua kwa hilo. Chakula hakibadiliki: kimanda cha chewa, chewa na pilipili hoho, pande la nyama ya ng'ombe, kisha jibini na kokwa za walnati.

Usiku ule walikuwapo *bertsolari* wawili. Hapa niwaombe wasomaji wangu wanaopenda mashairi wasogee karibu. Bertsolari ni mshairi anayetunga papo hapo, kwa kuimba, bila ala yoyote. Kuna mtu maalumu wa kutoa mada. Anatoa, mshairi anakaa kimya sekunde chache, anaanza. Mizani ina hesabu yake, kwa mfano saba kwa sita au kumi kwa nane, na vina havisamehewi. Siri yao waliyonieleza ni kwamba mshairi hutunga kwanza mstari wa mwisho, ule wenye pigo, ndipo anajenga njia ya kuufikia. Mashindano yao makuu hufanyika kila baada ya miaka minne na fainali hujaza ukumbi wa maelfu ya watu. Maialen Lujanbio alipoyashinda mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza, na ameyashinda tena 2017 na 2022. Sisi tuna kujibizana, tuna vina vya kati na vya mwisho, tuna watu wa Mombasa, Lamu na Pemba ambao wangekaa kwenye meza ile wakajisikia wako barazani. Nilikuwa nimejaa furaha ya kuona mambo yanafanana.

Mtoa mada aliniona. Akasema: wewe ni mwanafunzi kutoka Afrika uliyejifunza euskara kwa miezi mitano, na wewe ni jirani yake uliyezaliwa hapahapa na hujaijifunza mpaka leo. Imbeni. Wakaimba beti tatu-tatu. Niliambulia nusu, jirani yangu akaninong'oneza nusu nyingine. Yule aliyeimba kama mimi alisema nimevuka bahari kuja kugonga mlango ambao mwenye nyumba ameusahau ufunguo. Watu wote waliurudia kwa pamoja mstari wa mwisho, ndivyo desturi yao ilivyo, na mimi machozi yakanitoka.

Wakaniomba niimbe kwa lugha ya kwetu. Nikaimba wimbo wa kubembelezea mtoto aliokuwa akiuimba mama yangu. Wakashangilia. Mzee mmoja mwenye kofia bapa ya sufi, ambaye alikuwa hajasema neno tangu supu ya mazungumzo ilipoanza kuchemka, akaniuliza, "Hiyo ni Kiswahili, lugha ya nchi nzima, sivyo? Na bibi yako anaongea lugha gani?"

Nikasema Kinyakyusa.

"Basi tuimbie hicho."

Nilikuwa na maneno matatu. *Ugonile*, salamu. *Ndaga fijo*, asante sana. *Mbombo ngafu*, kazi ngumu. Maneno ambayo hata Msukuma wa Mwanza aliyewahi kupanga chumba Mbeya anayajua. Nikayasema yote matatu na wakanipigia makofi, na makofi yale yaliniuma kuliko kibao cha shule.

Sikulala vizuri siku kadhaa. Nilikuwa nimekuja nikijiona mtoto wa lugha iliyoonewa, na kwa upande wa Kiingereza ni kweli, shingo yangu inakumbuka. Lakini pale Rungwe Kiswahili ndicho kikubwa. Ndicho cha shule, cha redio, cha mahubiri ya mjini, cha mtu anayetaka kuonekana ameendelea. Bibi yangu anapokuja Dar hukaa kimya sebuleni, na sisi tulikuwa tukisema bibi mpole sana. Alikuwa hana lugha ya kuongea nasi kwa raha. Kiswahili chake ni cha sokoni na cha zahanati, hakimtoshi kusimulia.

Sitaki Kiswahili kipunguzwe hata inchi moja. Bila Kiswahili baba yangu asingemchumbia mama yangu; mimi ni zao la Kiswahili kwa maana iliyo wazi kabisa, na nchi yetu imekaa pamoja kwa sehemu kubwa kwa sababu yake. Ila nimeacha kuamini kwamba ili Kiswahili kisimame ilikuwa lazima Kinyakyusa kinyamaze. Wabaski wanajua mpaka nukta ya desimali ni wangapi wanaoisema lugha yao na ni wangapi wanaosikika mtaani. Sisi sensa yetu haijauliza kabila tangu ile ya 1967, na naielewa hofu iliyokuwa nyuma ya uamuzi huo. Lakini matokeo yake ni kwamba lugha inaweza kuondoka nyumba kwa nyumba, kama ilivyoondoka yetu, bila mtu yeyote kuandika popote kwamba imeondoka.

Mbaski kwa lugha yake ni *euskaldun*. Maana yake ni "mwenye euskara", basi. Neno halikuulizi damu wala rangi wala mahali ulipozaliwa. Kuna *euskaldun zahar*, aliyeipata kwa mama, na *euskaldun berri*, aliyeipata ukubwani, na wote wawili ni euskaldun. Kwa kanuni hiyo mimi, mweusi wa Temeke, nilikuwa njiani kuwa euskaldun. Na kwa kanuni hiyohiyo, jina langu la Kinyakyusa, lile la kuanza na Mwa-, lililoandikwa kwenye pasi haliwezi kunifanya Mnyakyusa. Nililifikiria sana hilo kuhusu sisi pia, tunaobishana kila siku Mswahili ni nani.

Machi 14, 2024 nilikwenda Irun kuona Korrika ikianza. Ni mbio za kuichangia lugha. Zilianza mwaka 1980 na huandaliwa na AEK, mtandao wa *euskaltegi*, vituo vinavyofundisha euskara kwa watu wazima. Hakuna mshindi. Watu hukimbia usiku na mchana, siku kumi mfululizo, zaidi ya kilomita 2,000, wakipokezana kijiti chenye ujumbe wa siri unaosomwa mwishoni. Kilomita zinauzwa: duka linanunua moja, shule moja, kikundi cha wastaafu moja, na aliyenunua ndiye anayekibeba kijiti mbele. Nilikimbia kipande kifupi nyuma ya mama mwenye kigari cha mtoto.

Irun imetenganishwa na Ufaransa na mto Bidasoa. Wenzangu walikuwa wakivuka kwenda kunywa kahawa Hendaia bila kuulizwa chochote. Mimi katika safari tano niliombwa hati mara nne, mimi peke yangu katika behewa. Vijana wa Kiafrika wamekufa maji katika mto ule wakijaribu kuuvuka gizani. Siku ile umati wa Korrika ulivuka daraja la Santiago ukiimba, na baadaye tukasikia kwamba ndani ya umati walikuwamo wahamiaji 36 waliopitishwa na watu wa kujitolea. Baadhi ya watu hao walikuja kufunguliwa kesi upande wa Ufaransa. Sikujua chochote wakati nakimbia. Huenda nilikimbia bega kwa bega na mtu aliyekuwa anaokoa maisha yake. Nikikumbuka mwaka ule, picha hii huja ya kwanza, kabla ya chuo na kabla ya vyakula.

Dawa niliyoondoka nayo niliipata mezani kwa amona. Jumapili moja ya Aprili yule mtoto wake mkubwa alikuja na beji kwenye koti: *belarriprest*. Ilitoka kwenye kampeni ya mwaka 2022 inayoitwa Euskaraldia. Katika kampeni hiyo kuna beji mbili. *Ahobizi*, kinywa hai, ni ya anayeahidi kusema euskara na kila anayeielewa. *Belarriprest*, sikio tayari, ni ya anayesema: sijui kuongea vizuri, au naona haya, lakini naelewa, tafadhali semeni nami kwa euskara hata kama nitawajibu kwa Kihispania. Yule mkubwa ana miaka 55. Mdogo wake alimgeukia akamwomba chumvi kwa euskara. Akampa, akajibu kwa Kihispania. Amona akaendelea kupakua, ila aliongeza kijiko kizima kwenye sahani ya mkubwa bila kuombwa.

Nilitumia miezi ya mwisho kumpigia bibi kila Jumatano. Nilimweleza mpango: wewe sema Kinyakyusa, mimi nitajibu Kiswahili mpaka nitakapoweza. Alikataa mara mbili. Alisema watu wa mjini watanicheka, alisema nimekwenda Ulaya kusoma mambo ya maana. Mara ya tatu akasema, "Mbombo ngafu, mjukuu wangu," na nikaona kwamba amekubali.

Julai nilishuka Uyole, nikachukua gari la Tukuyu. Nilimkuta barazani anachambua maharage, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Nikamwamkia, *ugonile*, nikakaa kwenye kigoda mbele yake na daftari langu la Donostia, lenye kurasa za mwisho hazijaandikwa. Akaanza kunisimulia habari za ng'ombe wa baba yake waliouzwa ili kaka yake asome, au hivyo ndivyo nilivyodhani nimesikia. Nilishika neno hapa, neno pale. Baada ya sentensi tatu akanitazama usoni, akanionea huruma, akageukia Kiswahili. Nikagusa sikio langu.

Akacheka, akaokota maharage mengine, akaianza upya tangu mwanzo.